Kupima Mvua ya Masika Shuleni: Mwongozo Kamili wa Mradi wa Darasa kwa Walimu wa Kidato cha Kwanza, Dar es Salaam

Mada ya hali ya hewa hufundishwa kila mwaka katika shule zetu za sekondari, na mara nyingi hufundishwa ubaoni huku mvua yenyewe ikigonga mabati kwa kishindo hadi sauti ya mwalimu isisikike dawati la tatu. Mwanafunzi huchora kipimamvua daftarini, hukariri sehemu zake, kisha hurudi nyumbani akivuka madimbwi asiyoweza kuyaeleza kwa tarakimu hata moja. Mwongozo huu unamweleza mwalimu, hasa yule mwenye darasa la wanafunzi sitini au zaidi na uwanja mdogo, namna ya kuendesha mradi wa kupima mvua katika muhula wa kwanza, kuanzia kuomba ruhusa hadi kukokotoa lita za maji zinazomwagika kutoka paa la shule bila kukingwa.

Nimechagua mvua kwa sababu haihitaji maabara na inatufikia sote. Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, yaani masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na Aprili kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Watoto wetu wanajua maana ya Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani mto Msimbazi unapofurika. Wengine wanatoka katika familia zinazokumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Somo linalogusa maisha ya mtoto kwa kiasi hicho halihitaji mbwembwe za kumvutia, linahitaji mpangilio.

Kabla ya mvua: ruhusa, ratiba na wenzako

Anza Februari. Mweleze mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma kwamba mradi utachukua vipindi viwili vya kutengeneza vifaa, dakika tano kila asubuhi za kusoma vipimo, na vipindi vitatu au vinne vya kuchakata takwimu mwishoni. Uandike katika azimio la kazi chini ya mada ya hali ya hewa, ili mthibiti ubora wa shule akifika aukute kwenye karatasi na siyo mdomoni tu. Zungumza mapema na mwalimu wa Hisabati pia, maana eneo la duara, desimali, majedwali na grafu vyote vimo humu. Akikubali kutumia takwimu zenu katika mazoezi yake, wewe utapata nafuu ya muda na wanafunzi wataona kwamba hesabu ile ile inatumika katika vyumba viwili.

Jambo gumu zaidi ni saa ya kusoma. Vituo vya hali ya hewa katika ukanda wetu husoma mvua ya saa 24 saa tatu asubuhi, na shule ikifuata saa hiyo hiyo, takwimu zake zinaweza kulinganishwa na zile za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Lakini saa tatu kipindi kinakuwa kimeshika moto, kwa hiyo mwalimu mwenye kipindi hicho ni lazima aombwe kwa heshima, aambiwe ni wanafunzi wangapi watatoka na kwa dakika ngapi. Ikishindikana kabisa, someni saa moja na nusu kabla ya mstarini, ila msibadilishe tena hadi mradi uishe. Kipimo cha leo kikisomwa alfajiri na cha kesho mchana, hakuna siku mbili zinazofanana urefu, na jedwali zima linapoteza maana.

Kugawa darasa na kugawa kazi

Darasa la wanafunzi sitini ligawe katika vikundi kumi vya watu sita. Gawa wewe mwenyewe. Usiwaache wachaguane, kwa kuwa watakaa kwa urafiki na wale wasio na marafiki watabaki nyuma ya darasa wakisubiri kuokotwa. Changanya wenye uwezo tofauti, wavulana na wasichana, na hakikisha kila kikundi kina angalau mtu mmoja anayefika shuleni mapema.

Hapa naomba mwalimu anisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo miradi mingi inapoharibikia. Kazi ya vikundi katika darasa kubwa huzorota pale wanafunzi sita wanapopewa swali moja ambalo mmoja wao anaweza kulijibu peke yake. Huyo mmoja hujibu, wawili humtazama, watatu huzungumza habari za mpira. Dawa yake ni kumpa kila mmoja jukumu ambalo kazi haiwezi kukamilika bila yeye, na lenye alama yake kwenye karatasi. Msomaji hupima maji. Mhakiki hupima tena maji yale yale bila kuambiwa jibu la kwanza. Mwandishi hujaza jedwali na kuweka sahihi. Mtunza vifaa husafisha chupa na kuirudisha mahali pake. Mkokotoaji hugeuza mililita kuwa milimita, na mwangalizi huandika hali ya anga kwa sentensi mbili: mawingu, upepo, mvua ilianza lini, ilinyesha kwa nguvu kiasi gani.

Majukumu yazunguke kila Jumatatu. Msipozungusha, mtakuta msichana mwenye mwandiko mzuri amekuwa mwandishi muhula mzima na mvulana mwenye sauti amekuwa msomaji muhula mzima, na hakuna aliyejifunza kazi ya mwenzake. Bandika orodha ya zamu ukutani kwenye karatasi ya manila, na mkabidhi kiongozi wa darasa kazi ya kuitaja kila asubuhi.

Kutengeneza kipimamvua

Kila kikundi kitahitaji chupa moja ya maji ya lita moja na nusu yenye kuta laini zisizo na mikunjo mingi, ndoo au kopo pana lililojaa mchanga, selotepu, rula, maka peni isiyofutika na bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano yake, ambalo hupatikana katika duka lolote la dawa. Nunua mabomba mapya yaliyofungwa, na usikubali mwanafunzi alete la kuokota.

Ukataji ufanywe na mwalimu. Kata chupa kwa mduara pale bega linapokutana na kiwiliwili, mahali chupa inapofikia upana wake kamili. Sehemu ya juu igeuzwe kichwa chini, bila kizibo, na kupachikwa ndani ya sehemu ya chini ili iwe faneli. Midomo ya vipande viwili ilingane, kisha izungushiwe selotepu upande wa nje tu, kwa kiasi cha kuweza kubanduliwa na kurudishwa. Faneli hii ina kazi mbili: inakamata mvua, na tundu lake jembamba linapunguza maji yanayopotea kwa jua kabla hayajapimwa.

Vitabu vingi huelekeza kubandika rula ubavuni mwa chupa na kusoma kina cha maji. Siipendi njia hiyo kwa chupa za siku hizi, kwa kuwa vitako vyake vina mabonde na vilima na ubavu wake una mikunjo, hivyo sentimita ya kwanza haina ujazo sawa na ya tatu. Ni salama zaidi kupima ujazo wa maji kwa bomba la sindano na kukokotoa kina. Kwa sababu hiyo msiweke kokoto ndani ya chupa ili isianguke, maana zitabaki na maji. Chimbieni chupa ndani ya ndoo ya mchanga hadi katikati yake.

Sasa hesabu. Wanafunzi wapime kipenyo cha mdomo wa faneli kwa pande mbili zinazokatana, kwani chupa ikishakatwa huweza kuwa na umbo la yai, kisha wachukue wastani. Tuseme wamepata sentimita 8. Nusu kipenyo ni 4, na eneo la mdomo ni 3.14 × 4 × 4, yaani sentimita za mraba 50.24. Mvua ya kina cha milimita 1, ambayo ni sentimita 0.1, ikianguka juu ya eneo hilo inaleta maji ya sentimita za ujazo 5.02, yaani takriban mililita 5. Kwa hiyo kikundi hiki kitagawa kila kipimo chake kwa 5: mililita 37 ni mvua ya milimita 7.4. Kikundi chenye chupa ya kipenyo cha sentimita 8.8 kitapata mgawo wa takriban 6.1. Kila kikundi kiandike mgawo wake ubavuni mwa chupa, na usiwape jibu hata wakihangaika. Kugundua kwamba vikundi viwili vyenye chupa tofauti vinaweza kupima mililita tofauti na bado vikapata mvua ile ile ni hatua kubwa kwa mtoto wa miaka kumi na minne, na inafaa aifikie kwa akili yake.

Kuchagua mahali

Kanuni ya wataalamu ni kwamba kifaa kiwe mbali na kizuizi kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho, ukipimwa kutoka usawa wa mdomo wa kifaa. Jengo linalozidi mdomo wa chupa kwa mita 4 linahitaji umbali wa mita 8. Mdomo uwe juu ya ardhi kwa sentimita 30 hivi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na uwe sawasawa. Fundi wa shule akiwa na pima maji, muazimeni.

Shule nyingi za Kinondoni, Ilala na Temeke hazina nafasi ya vifaa kumi mahali pa wazi, na hilo lisikukatishe tamaa. Weka vinne mahali palipo wazi kuliko pengine, vikiwa jirani. Vingine sita vipe maswali: kimoja chini ya mwembe, kimoja chini ya mwarobaini, kimoja ukingoni mwa paa upande wa bahari, kimoja upande wa pili wa jengo hilo hilo, kimoja karibu na ukuta wa uzio, kimoja katikati ya njia kati ya madarasa mawili. Vile vinne vitakuonyesha ni kiasi gani vipimo hutofautiana hata mvua ikiwa moja. Vile sita vitaonyesha miti, kuta na upepo hufanya nini. Kila kikundi kichore ramani ndogo ya mahali pake, na umbali wa vizuizi uhesabiwe kwa hatua.

Kusoma kila siku

Fanyeni majaribio ya wiki moja kwa maji ya bomba kabla ya kutegemea mvua. Mwalimu amimine kiasi anachokijua yeye peke yake, na kikundi kikipime.

Namna ya kupima ni hii. Msomaji anabandua faneli, anaingiza ncha ya bomba ndani ya maji na kuvuta taratibu. Akiona povu la hewa, anageuza ncha juu, anagonga ubavu wa bomba kwa kidole mpaka povu lipande, analisukuma nje, kisha anaendelea kuvuta hadi ukingo wa mpira ulio karibu na ncha uguse mstari wa 10. Maji yaliyopimwa yanamwagwa ndani ya kikombe na si ardhini, ili mhakiki ayapime tena. Mwandishi anaweka kijistari kimoja kwa kila mililita 10, na salio linaandikwa kwa tarakimu. Vipimo vya msomaji na mhakiki vikitofautiana kwa mililita 1, waandike wastani. Vikizidi hapo, wapime mara ya tatu. Siku ya mvua kubwa kazi hii inachosha, hivyo tafuta chombo kimoja cha kupimia cha mililita 100 au 250 kutoka maabara kwa ajili ya siku hizo.

Tarehe inayoandikwa iwe ya siku ya kusoma, hata kama mvua ilinyesha jioni iliyotangulia. Kipimo cha Jumatatu asubuhi ni jumla ya tangu Ijumaa. Kiandikwe hivyo, na kisigawanywe kwa tatu kana kwamba mvua ilinyesha sawa kila siku.

Kuna kosa moja ambalo ni lazima likatazwe tangu siku ya kwanza, nalo ni kuandika sifuri siku ambayo hakuna aliyesoma. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta chupa kavu. Siku isiyosomwa iandikwe “haikusomwa”, pamoja na sababu. Mweleze mwanafunzi waziwazi kwamba nafasi iliyoachwa wazi kwa ukweli haimpunguzii alama, lakini tarakimu ya kubuni inamfutia alama za wiki nzima. Wanafunzi wetu wamezoea kwamba kila nafasi iliyo wazi kwenye karatasi ni kosa, ndiyo maana hujaza chochote. Mradi huu ni fursa adimu ya kuwafundisha vinginevyo, na kwangu hili lina uzito kuliko grafu yoyote watakayochora.

Kuhusu usalama, maagizo ni machache na hayana mjadala. Hakuna anayetoka nje wakati wa radi, wala kabla hazijapita dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Chupa imwagwe kabisa kila baada ya kusoma, na likizo fupi ikifika zote zipinduliwe na kuwekwa stoo, maana mbu wanaoeneza dengue huzaliana katika maji kidogo kama hayo kwa muda wa takriban wiki moja, na jiji letu lilishapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Usimtume mwanafunzi yeyote kwenda kutazama mto au mfereji uliofurika, hata kwa nia njema.

Vipimo vinapopingana

Itafika asubuhi ambayo kikundi cha mahali pa wazi kitaleta mililita 31 na jirani yake, hatua mbili tu kutoka hapo, alete 23. Darasa litataka kujua nani amekosea. Usihukumu. Wapeleke wote nje, wakague: je, kuna jani lililoziba tundu la faneli, chupa imelala upande mmoja, selotepu imeachia, migawo ya chupa ni sawa? Waandike wanachokiona kwanza, kisha ndipo watoe sababu. Mara nyingi jibu lipo kwenye chupa. Lisipopatikana, vipimo vyote viwili vibaki katika jedwali vikiwa na alama ya kuuliza.

Cha chini ya mwembe kina somo lake. Mvua nyepesi huacha chupa hiyo karibu kavu, kwa sababu majani hushika maji na mengine hukauka kabla hayajafika chini. Mvua kubwa ya muda mrefu ikinyesha, majani hushiba na kuanza kudondosha, na kuna wakati chupa iliyo chini ya ncha ya tawi huzidi zilizo wazi. Waulize kabla ya kuwaonyesha takwimu, na waache wabishane kwa Kiswahili. Katika Kidato cha Kwanza mtoto ametoka tu katika shule ya msingi aliyofundishwa kwa Kiswahili, na ukimlazimisha afikiri jambo jipya kwa Kiingereza atanyamaza. Wakishaelewana, wape orodha ya maneno ya mada iliyobandikwa ukutani, na kila mmoja aandike sentensi tatu za Kiingereza daftarini mwake. Mpangilio huo wa kujadili kwanza na kuandika baadaye unawaandaa vizuri zaidi kwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili kuliko kunakili maelezo marefu.

Kuchakata takwimu

Baada ya wiki sita hadi nane, kila mwanafunzi anakili jedwali la kikundi chake na kuchora grafu ya mihimili, mhimili mmoja kwa kila wiki. Kwa mvua, jumla ina maana zaidi kuliko wastani wa siku, hivyo wakokotoe jumla ya kila wiki, jumla ya msimu, na idadi ya siku zilizopata angalau milimita 1. Grafu za mahali pa wazi zilinganishwe na ya mwembe kwa kipimio kile kile. Mtoto akichagua kipimio chake mwenyewe, milimita chache zitaonekana gharika.

Kisha waingie kwenye paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Vikundi vipime urefu na upana wa jengo chini, bila kupanda popote. Jengo la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 12 inaleta lita 1,920. Tukikadiria kwamba sehemu ya tano inapotea kwa kuruka na kuvuja kwenye gata, zinabaki lita 1,536, yaani karibu ndoo 77 za lita 20. Waulize wanafunzi vyoo vya shule husafishwa kwa ndoo ngapi kwa siku, kisha wakokotoe mvua hiyo moja ingetosha siku ngapi na simtanki la lita 2,000 lingejaa mara ngapi katika msimu mzima. Kikundi kimoja kiandike barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule ikiwa na jedwali, hesabu na pendekezo. Mkuu ajibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo mwaka huu.

Kutoa alama

Alama 20 zinatosha. Kumi ni za mwanafunzi mwenyewe: grafu, sentensi zake na swali moja jipya la kukokotoa alilolifanya peke yake darasani. Tano ni za zamu alizotimiza, kwa kutazama sahihi kwenye jedwali. Tano zilizobaki ni za kikundi, kwa usafi wa kumbukumbu. Ukizigeuza na kutoa alama nyingi kwa kikundi, utawarudisha wale watatu kwenye habari za mpira.

Kitabu cha mvua cha shule

Nunua daftari gumu moja, na uliweke katika kabati la idara ya Jiografia. Ukurasa wa kwanza uandikwe mahali vifaa vilipokuwa, saa ya kusoma, kipenyo na mgawo wa kila chupa. Kurasa zinazofuata ziwe na majedwali yote, pamoja na siku ambazo hazikusomwa. Mwezi Oktoba vuli inapoanza, wakabidhi wanafunzi hao hao vifaa bila wewe kusimamia kila asubuhi. Januari inayofuata, wakiwa Kidato cha Pili, wape vipindi viwili wawafundishe Kidato cha Kwanza wapya namna ya kuvuta maji kwa bomba na kutoa povu, kisha daftari lisainiwe na pande zote mbili.